Mkono Kwenye Mkanda wa Shemeji

Mkono wa kushoto wa Mkia ulishika mkanda wa suruali ya shemeji yake kwa miaka mingi kuliko ulivyoshika mkono wa mkewe. Mkewe mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo, tena mbele ya wageni, na wageni walicheka hadi wakajifuta machozi. Mkia naye alicheka. Enzi hizo lilikuwa jambo la kuchekesha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shemeji, yaani kaka wa mkewe, alikuwa mpiga picha wa kituo cha televisheni, yule anayebeba kamera begani na kuzunguka nayo jukwaani wakati wenzake wamesimama na zao juu ya miguu mitatu. Jicho moja limezama ndani ya kamera, jingine limefumbwa, haoni kitu ila kile wanachokiona watu majumbani. Nyuma ya kamera hiyo ulitoka waya mnene kama kidole gumba, ukatambaa sakafuni hadi chumba cha kuongozea matangazo. Mwenye waya alikuwa Mkia. Mkono wake wa kulia uliukunja na kuukunjua, usimnase mtu mguu, usikaze, usijisokote. Mkono wa kushoto ulikaa kwenye mkanda wa shemeji. Mvuto mmoja, simama. Mivuto miwili, kuna ngazi. Kiganja kikibonyeza kiunoni, rudi tu, njia nyeupe.

Kwa namna hiyo shemeji alirudi kinyumenyume maisha yake yote ya kazi, ngazi kwa ngazi, katikati ya wachezaji na spika na milingoti ya taa, na hakuwahi hata siku moja kugeuza shingo kutazama anakwenda wapi. Watu walimsifu. Walisema yule bwana ana macho kisogoni. Naye alitabasamu, akaachia waseme, wala hakumwambia mtu kwamba macho hayo ya kisogoni yalikuwa na mke na watoto na yalipanda basi moja naye kwenda nyumbani.

Jina la Mkia alibandikwa na watu wa taa, kwa sababu ya kumfuata mwenzake nyuma kutwa nzima. Hakulichukia. Alikuwa mrefu kiasi kwamba milango ya kituo ilimjua kwa paji la uso, na urefu huo ulimfaa, maana aliweza kutazama juu ya kichwa cha shemeji na kuona kila kinachokuja. Kilichomkera kidogo ni kwamba shemeji mwenyewe ndiye aliyelishika jina hilo kuliko wote. Kazini alikuwa Mkia, nyumbani Mkia, mbele ya mama mkwe Mkia. Neno "shemeji" lilitoka pale tu alipokuwa na haja ya kumwomba kitu. Na kila familia ilipokutana, chakula kikishatulia tumboni, wimbo ulikuwa ule ule: "Huyu nimemwingiza kazini mimi." Mkia alijibu, "Kweli kabisa," akaenda kuongeza chai. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Wapo wanaodhani mtu wa namna hiyo hana uchungu ndani.

Kisha likaja lile sanduku.

Kituo kilikuwa na kipindi cha Jumapili jioni, shindano la waimbaji wachanga, kinachorushwa moja kwa moja kutoka ukumbini, na ndicho kilichokuwa kinakilisha kituo kizima. Msimu mmoja mchezaji aliruka nje ya mahali pake, akajikwaa kwenye waya, akaanguka kifudifudi mbele ya macho ya kila aliyekuwa na televisheni. Mwongozaji wa kipindi, bwana mwenye sauti ya kugombeza hata anaposalimia, akaapa kwamba hataki tena kuona waya jukwaani. Ndipo Injinia wa kituo, dada mmoja mpole asiyependa maneno mengi, akaleta kisanduku kidogo kama sabuni ya kuogea, akakifunga nyuma ya kamera ya shemeji. Ukutani, juu kabisa ya viti vya mwisho vya watazamaji, akafunga risiva ya kuipokea picha.

"Ndani yake mna chipu ndogo kuliko ukucha wako," alimwambia Mkia, aliyekuwa amekuja kuchungulia. "Hiyo ndiyo inarusha picha."

"Si tulishawahi kuwa na redio ya kurusha picha ikatushinda?"

"Ile ilikuwa inaikamua picha kwanza, halafu huku inafumuliwa. Inachelewa. Sauti imeshafika, mdomo ndiyo kwanza unafunguka. Hii haikamui kitu. Picha inapita nzima nzima, papo hapo, kama kwenye waya. Haifiki mbali, lakini sisi tunataka ifike pale ukutani tu."

Mkia alisema hongera. Alisema kwa dhati, kwa maana alipenda vitu vilivyotengenezwa vizuri. Kisha akaenda kuukunja waya wake, akaufunga kwa kamba, na njia nzima kwenda stoo alijisikia kama mtu aliyebeba maiti ya ndugu.

Meneja wa vipindi aliita kikao na kutangaza kwamba hakuna atakayemwaga unga kwa sababu ya mtambo. Hapo ndipo walipompaka Mkia mafuta kwa mgongo wa chupa. Walimpa cheo, "msaidizi wa usalama wa kamera", wakapiga makofi. Cheo hicho kilikuwa na maana ya kufanya kile kile alichokuwa akifanya, ukiondoa waya. Lakini Mkia aliridhika, maana yeye hakuupenda waya. Alipenda kuuongoza ule mwili mzito kinyumenyume na kuufikisha salama. Hakuwa na kitu kingine duniani alichokifanya vizuri hivyo, na alilijua hilo.

Mazoezi yakaanza, na picha ikaanza kukatika.

Haikukatika ovyo. Shemeji akipiga picha akiwa pembeni ya jukwaa, safi. Akija katikati, akamtazama mwimbaji uso kwa uso, kiza. Walibadilisha betri. Walibadilisha sanduku. Mwongozaji alilitukana sanduku, mama yake na kiwanda chake. Watu wa taa wakaambiwa wazime taa moja moja, huenda ndizo. Mwishowe Injinia akapanda jukwaani, akasimama akiwatazama wale wawili: shemeji na kamera begani, na Mkia nyuma yake, kifua karibu kigusane na mgongo, mkono mkandani, pale pale alipokuwa akisimama tangu ujana wake.

"Kaka, hebu sogea pembeni kidogo."

Mkia akasogea. Picha ikarudi.

"Rudi."

Akarudi. Kiza.

"Sogea tena."

Walifanya vile mara kadhaa, kama watu wanaochezea swichi ya ukutani, na kila mara ukumbi ulizidi kucheka. Hakuna watu wengine duniani ambao wangefanya kosa lile. Mtu yeyote mwingine aliyeondolewa waya angesimama popote anapotaka. Wao waliondolewa waya na bado wakasimama walivyozoea, kana kwamba waya upo, na mwili wa Mkia ukakaa sawasawa kati ya sanduku na risiva.

"Ni wewe," Injinia alisema, na kwa uso wake ilionekana hakupenda kulisema. "Samahani sana. Mawimbi haya ni mafupi mno, milimita chache tu. Hayapindi kona. Yanataka yaonane na risiva uso kwa uso. Na mwili wa mtu ni maji matupu, yakikutana na maji yanamezwa."

Mkia akatazama kifua chake, mahali picha zilipokuwa zikitumbukia.

"Hakuna namna ya kuweka risiva nyingine upande ule?" aliuliza. "Nikiziba hapa, ipokee kule?"

"Ipo. Nimeshaomba. Meneja kasema msimu ujao."

Meneja alikuwa na mkono wa birika, jambo hilo lilijulikana hadi kwa walinzi wa getini. Basi wakatafuta njia ya bure, na njia ya bure ikawa magoti ya Mkia. Akichuchumaa, sanduku linabaki juu ya kichwa chake, picha inapita. Wakajaribu, ikapita. Na meneja, ambaye alitaka mambo yawe wazi, akasema mbele ya watu wote: "Sawa, achuchumae. Lakini picha ikikatika hewani kwa sababu yake, hata mara moja, anakwenda stoo." Kila mtu alijua stoo ni nini. Ni chumba kisicho na dirisha ambamo watu wazima walipelekwa kuhesabiwa na vitu vibovu, mpaka wachoke wenyewe na kuondoka.

Kwa hiyo mzee mzima, mrefu vile, alikuwa akitembea jukwaani kwa kuchuchumaa kama bata, mkono mmoja juu kwenye mkanda wa shemeji, mwingine sakafuni asianguke. Watazamaji waliokuja ukumbini walikuwa wakimwonyesha kwa vidole. "Siku hizi Mkia unaburura chini," walisema watu wa taa. Nyumbani mkewe alimkanda magoti kwa maji ya moto na hakuurudia tena ule mzaha wake wa mkono na mkanda.

Shemeji, kwa upande wake, alikuwa kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba. Bila waya alipinda, alizunguka, alirudi nyuma kwa kasi ambayo hakuwahi kuithubutu. Mwongozaji akawa anamvika vilemba kila Jumapili, mara gwiji, mara fundi wa mafundi, na ikasikika kwamba anafikiriwa kuwa mpiga picha mkuu. Ila Mkia alihisi kitu ambacho hao wengine hawakuweza kukihisi, kwa sababu wao hawakuushika ule mkanda. Goti la kushoto la shemeji lilikuwa linalegea. Hatua yake ya nyuma ilikuwa imekuwa fupi upande mmoja, na mwili ulikuwa ukivuta kando bila mwenyewe kutaka.

"Punguza mwendo kidogo," alimwambia siku moja wakiwa wanavua vifaa.

"Wewe ndiye magoti yamekufa, Mkia. Usinigawie uzee wako."

"Nakwambia kwa wema."

"Na mimi nakujibu kwa wema. Siku nyingine niachie mkanda, nipumue."

Mkia akamvulia kamera begani. Lakini mkanda hakuuachia.

Jioni ya fainali ukumbi ulifurika. Waliobaki walikuwa wawili, na mshindi alipotajwa, binti mwembamba aliyevaa viatu vya kuazima, alisimama kwanza kama asiyesikia. Kisha akalia, akaanza kukimbia kuja mbele ya jukwaa huku amefungua mikono. Kwa mpiga picha hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo. Shemeji alimjaza kwenye kamera, uso mzima, machozi na kamasi, na kwa kuwa binti alikuja mbele, yeye alirudi nyuma. Akarudi kwa kasi. Nyuma yake jukwaa lilikuwa linakwisha, na chini kulikuwa na reli za chuma za taa, kwenye kina cha kifua cha mtu.

Mkia, akiwa amechuchumaa, alivuta mkanda mara moja. Simama. Mwili haukusimama. Akavuta tena. Goti lile la kushoto likalegea, na uzito wote wa shemeji na kamera yake ukaanza kumjia kichwani. Alijua hawezi kuuzuia akiwa chini. Alijua pia akisimama kutatokea nini, kwa maana aliambiwa mbele ya watu. Itakuwa uongo kusema alikata shauri. Kisigino chake kilisikia ukingo wa mbao, na akajikuta amesimama, kifua chake kimegota kwenye mgongo wa shemeji, akausukuma mbele kwa nguvu zake zote.

Shemeji akayumba, akapata miguu yake, akaendelea kupiga picha. Hata binti hakuona kitu. Lakini majumbani, pale pale binti alipofungua mikono, kioo kilikuwa cheusi, na katika hedifoni za wote ilisikika sauti ya mwongozaji akiitafuta kamera ya shemeji, namba mbili: "Kamera mbili! Kamera mbili iko wapi? Nani kanizibia kamera mbili?"

Kesho yake waliitwa ofisini kwa meneja. Walikuwepo mwongozaji, Injinia, shemeji na Mkia, na viti vilikuwa pungufu, kwa hiyo Mkia alisimama.

"Sihitaji hadithi ndefu," meneja alisema. "Ulisimama au hukusimama?"

"Nilisimama."

"Basi."

"Alikuwa anaanguka," Mkia alisema. "Alifika ukingoni. Nisingesimama, angeangukia zile reli."

Mwongozaji akasema kamera namba moja wakati huo ilikuwa kwa mama wa mshindi, kwa hiyo hakuna picha ya ukingo wala ya nani alifika wapi. Kilichopo ni kiza. Kiza kila mtu alikiona.

"Shemeji," Mkia alisema, "si uwaambie."

Shemeji alikuwa anatazama vidole vyake. "Mimi jicho langu lilikuwa kwenye kamera," alisema. "Sikuona kitu."

"Hatukuulizi uliona nini," Injinia akaingilia kwa upole. "Yeye alikuwa nyuma yako. Ulihisi nini?"

Feni ilizunguka juu yao. Mkia hakuwa na wasiwasi hata kidogo wakati ule, na hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote, kwamba alisimama pale ametulia, akisubiri tu shemeji afungue mdomo ili wote warudi kazini.

"Nilihisi nimesukumwa," shemeji alisema.

Mkia alidhani ataendelea. Hakuendelea. Injinia alimtazama, akamtazama Mkia, kisha akainamisha macho. Meneja akafunga kalamu yake na kifuniko.

Pale koridoni shemeji alipita haraka akiongea na simu, amejitia hamnazo kabisa, na Mkia alibaki ukutani. Hasira ilimpanda hadi akasikia ladha yake mdomoni. Alitamani kumkimbilia na kumshika ule mkanda mara ya mwisho, ausukume mwili ule popote pale, mlangoni, ngazini, barabarani. Hakufanya hivyo. Alikwenda kunywa maji bombani, akanywa sana, kisha akaenda stoo.

Nyumbani mkewe alikuwa ameshasikia. Alikaa kitandani na kanga mapajani, akiikunja na kuikunjua.

"Kaka anasema ulimsukuma."

"Nilimsukuma. Ulitaka nimwache aanguke?"

"Mimi najua, baba watoto. Nimempigia, nimemwambia. Amelia."

"Amelia wapi?"

"Kwenye simu."

"Angelia ofisini. Ofisini ndiko kulikuwa na kazi ya machozi."

"Ni kaka yangu, nifanye nini? Niseme kwa mama? Unataka familia ipasuke?"

Mkia alitaka ipasuke. Alitaka kwa moyo wake wote ipasuke vipande vipande, na mama mkwe aambiwe, na wimbo wa "nimemwingiza kazini mimi" uimbwe mbele yake mara moja tu akiwepo yeye wa kuupatia kiitikio. Lakini akasema, "Usiseme," shingo upande, kwa sababu mkewe alikuwa ameisokota ile kanga ikawa kamba.

Kule stoo alipewa kazi ya kukata waya za zamani ziuzwe shaba. Siku za mwanzo alikuwa akiukunjua kila waya, anaunyoosha, anaukunja upya vizuri kwa duara, ndipo anaukata. Kisha siku moja alijiona anavyofanya, anakunja waya vizuri ili aukate vibaya, na akaacha. Akawa anakata tu.

Aliapa kwamba hataitazama tena televisheni ya Jumapili. Msimu mpya ulipoanza mkewe aliiwasha kwa sauti ndogo, kwa ajili ya watoto, na Mkia akasimama nyuma ya kiti alichokalia mkewe kama mtu anayepita tu. Shemeji alikuwa kazini, na safari hii nyuma yake hapakuwa na mtu. Huhitaji kumwona mpiga picha ili umjue, na Mkia alimjua kwa kila mtikisiko. Alimjua anapovuta pumzi. Mwimbaji alikuwa anakuja mbele, picha inarudi nyuma, na kwa jinsi bango la ukutani nyuma ya mwimbaji lilivyokuwa likipungua Mkia alijua sawasawa miguu ile imefika wapi.

"Simama," aliiambia televisheni.

Mkono wake wa kushoto ulivuta kiti kwa nguvu, na mkewe aliyekuwa ameketi akapiga ukelele. Kwenye kioo mwimbaji alishuka chini, akatoka, yakaja mabomba ya dari, taa, kisha kila kitu kikatulia kwa kishindo. Ilibaki taa moja ya dari, imelala upande. Picha ilikuwa safi ajabu. Ungeweza kuona vumbi juu ya kioo cha taa na utando wa buibui ukitikisika kwa joto. Haikukatika hata kidogo. Ilikaa hivyo kitambo, nzima nzima, mpaka mwongozaji akabadilisha kamera, na mtangazaji akatokea akitabasamu, akasema wanakwenda kwenye matangazo ya biashara.

"Kaka yangu!" mkewe alisema. "Ee Mungu, kaka yangu!"

Hospitalini walimkuta amelazwa chali, nyonga imevunjika, mguu umening'inizwa. Kwa wiki kadhaa Mkia alikuwa akimsindikiza mkewe na kubaki mlangoni akiongea na mlinzi. Siku moja mkewe alikwenda kununua dawa, wakabaki wawili, Mkia kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda.

"Nimeanguka, ndipo wakaweka risiva ya pili," shemeji alisema, macho darini. "Sasa mtu anaweza kusimama nyuma anavyotaka. Wamempa kazi mpwa wake meneja. Na fulana wamempa, imeandikwa kile cheo chako mgongoni."

"Nimesikia."

"Ulinizuia siku ile. Nilijua pale pale."

"Najua ulijua."

"Ningewaambia, wangesema nimezeeka. Wangenipa kamera ya miguu mitatu nisimame nayo pembeni kama mlinzi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mkia alitazama mkongojo ulioegemezwa ukutani ukimsubiri mwenyewe. Likamjia jibu kuhusu miguu mitatu, jibu zuri, lenye makali, la kumfanya mtu alikumbuke hadi kaburini. Lilimfika kwenye ulimi. Alilirudisha, si kwa wema, bali kwa sababu alimwona yule mtu hana tena mahali pa kuchomwa. Msamaha haukuwepo moyoni mwake. Alitafuta hata kidogo, akakosa. Yale maneno aliyoambiwa yalikuwa na thamani siku moja tu, ndani ya chumba kimoja, mbele ya watu wanne, na siku hiyo ilishapita.

"Nesi kasema nijitahidi kukaa," shemeji alisema. Akakohoa. "Hebu nishike, shemeji, niinuke."

"Shemeji", kasema, si Mkia. Mkia hakutaka. Alitaka akae vile vile kwenye kile kiti cha plastiki, amtazame akihangaika na shuka. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umeshakwenda wenyewe, umepita chini ya mgongo, umefika kiunoni pale mkanda unapokaa, na akauchukia mkono huo kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Kiganja kikabonyeza kidogo. Na shemeji, bila kugeuza shingo, akajiachia nyuma na uzito wake wote.